Perere na Mikungu Ishirini na Mmoja

Perere hana mkia, hana kihamba cha migomba, na mchana kutwa hana neno. Lakini usiku, msituni juu ya Marangu, hupiga ukelele ambao mgeni akiusikia mara ya kwanza hudhani kuna mtu anachinjwa. Umbo la sungura, koo la tembo. Na kweli, wajuao koo za wanyama husema tembo ni ndugu yake.

Tembo hakupenda kukumbushwa undugu huo. Yeye alikuwa Mangi, mtawala wa mlima mzima, na habari za mlima zilikuwa na njia yake: Hondohondo, mpiga mbiu wa boma, alizitangaza baada ya Mangi kuamka, kunywa kata yake ya mbege na kukubali kwamba jambo limetokea. Mengine Mangi hakuyakubali, basi hayakutokea.

Usiku mmoja wa Oktoba moto ukashika nyasi kavu karibu na Whona, kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo. Perere akanusa, akapiga kelele. Wa mti wa pili akapokea, wa tatu akapokea, na kabla Hondohondo hajasafisha koo, mlima mzima ulikuwa macho. Mbega wakahamisha watoto, nyati wakafungua njia, hata kinyonga akawahi. (Sisi wa Moshi moto huo tunaujua. Ulipowaka tarehe 11 Oktoba 2020, simu zilipokezana picha usiku kucha, na wanafunzi wa Chuo cha Mweka wakapanda pamoja na mamia ya watu wengine kwenda kuuzima.)

Laiti ingeishia hapo. Kulipokucha, Kunguru wa Horombo, yule mwenye shingo nyeupe anayeishi kwa makombo ya wapanda mlima, akatua juu ya jiwe. Tangu Horombo, mita 3,720 juu, ipate intaneti ya kasi Agosti 2022, nasikia anaringa zaidi. Akatangaza: "Nungunungu nimemwona kwa macho yangu akitoka motoni, masizi miiba yote!"

Alimwona kweli. Nungunungu alikuwa amekesha akifukia makaa kwa miguu. Lakini Kunguru hakumwuliza, maana swali lingemchelewesha, na mshindani wake wa habari, Ngedere wa Machame, asingemsubiri. Kufika saa nne, masizi yalishageuka kijinga cha moto. Adhuhuri Nungunungu alikuwa na kijinga, dumu la mafuta na wenzake watatu. Wanyama wakamwendea, wakabomoa shimo lake, wakang'oa magimbi yake yote. Ndio hao hao waliookolewa na kelele usiku.

Jioni Perere akaeleza alichokinusa tangu mwanzo: moto ulianzia jikoni, wapishi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni wa Mangi. Hapo ndipo Mangi alipokasirika. Baraza likaitwa. Shimo la Nungunungu halikutajwa. Ikaamriwa kwamba, kwa kuwa uzushi umezidi mlimani, yeyote atakaye kupaza sauti aandikishe jina na alipe kwanza mikungu ishirini na mmoja ya ndizi. (Wanaokumbuka kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizowataka wenye blogu walipe zaidi ya shilingi milioni mbili wapate leseni, wasinitazame mimi. Hii ni hadithi ya wanyama.)

Kunguru alilipa siku hiyohiyo. Makombo yana faida yake. Perere, asiye na hata mgomba mmoja, alikwenda bomani.

"Shikamoo, Mangi. Mimi kazi yangu ni kunusa tu."

"Marahaba. Nusa, mwanangu. Kunusa hakulipiwi."

Nimtendee haki Kunguru: alijuta. Alichuma jani la isale, kama afanyavyo Mchagga anayeomba radhi, na isale hata mwenye uchungu huona tabu kulikataa. Hakumkuta wa kumpa. Nungunungu alishahamia tambarare, upande wa Kahe. Akaliacha mdomoni mwa shimo, akalitangaza kosa lake mara moja, kwa sauti ya chini. Habari hiyo haikufika hata Mandara.

Ikapita miaka miwili. Oktoba tena, Perere akanusa moshi upande wa Karanga. Akafungua mdomo, akaufunga. Juu ya jiwe, Kunguru mwenye leseni alikuwa akitangaza harusi ya binti wa Hondohondo, na wanyama wote masikio yalikuwa huko. Perere akashuka mtini, akaenda kwa Funo.

"Hodi, ndugu yangu. Una mikungu mingapi?"

"Mitatu. Ya nini saa hizi?"

"Nataka kupiga kelele."

Funo akaingia ndani, akaitoa mmoja mmoja, akaipanga mlangoni. Kwenye wa tatu akasimama, pua juu.

"Perere, husikii kama harufu ya—"

"Naisikia," alisema Perere, akihesabu. "Bado kumi na minane."