Dakika 20 za Ukimya

Jumatatu. Miadi yangu na Sista anayenilea kiroho ilikuwa saa nne. Kwenye benchi la nje nilimkuta kijana aliyeachwa na mchumba, na mama mwenye bahasha ya kaki. Hawakuwa na miadi. Waliingia kwanza kwa sababu, alivyosema Sista, wao wana shida. Mwenye miadi inaelekea hana.

Nilipoingia nilitoa shikamoo, kisha taarifa. Nilimweleza kwamba, kwa tathmini yangu, nimeingia katika usiku wa giza wa roho, ule wa Mtakatifu Yohane wa Msalaba. Sista akauliza huwa nalala saa ngapi. Nikasema saa saba, kutegemea mpira. "Lala saa nne, mwanangu," akasema. Yohane wa Msalaba alifungwa Toledo na Wakarmeli wenzake kuanzia Desemba 1577 hadi alipotoroka Agosti 1578. Mimi nimeandikiwa usingizi.

Jumanne. Dakika 20 za ukimya, alfajiri. Utaratibu wenyewe ni mwepesi: chagua neno moja fupi, keti, nyamaza; mawazo yakikuchukua, rudi kwenye neno lako. Waliouandaa ni Watrapisti wa Spencer, Massachusetts, akiwemo Padri Thomas Keating, katika miaka ya 1970. Walichota katika kitabu cha Uingereza cha karne ya 14 ambacho mwandishi wake hakujitaja jina. Sidhani kama yeyote kati yao alipakana ukuta na pampu ya maji. Jirani huiwasha saa kumi na moja. Ikishika maji inanguruma, isiposhika inakohoa.

Mtakatifu Teresia wa Lisieux naye alikuwa na mtawa aliyekaa nyuma yake kanisani na kutoa kijimlio cha kukera kila jioni wakati wa tafakari. Alijizuia kugeuka mpaka jasho likamtoka, kisha akaamua kukisikiliza kama tamasha la muziki. Nami niliisikiliza pampu. Wimbo wake una ubeti mmoja.

Jumatano. Sista hataki kusikia habari za kukosa muda. Mfano wake ni Bruda Lawrence, Mkarmeli wa Paris katika karne ya 17, aliyezungumza na Mungu akiwa jikoni, ingawa kazi ya jikoni hakuipenda hata kidogo. Basi nikasali kwenye foleni ya benki. Nilikuwa nimeshatulia alipotokea mtu na kutangaza, "Mimi nilikuwa nyuma ya huyu baba." Hakuwa. Nikibisha, amani inakwenda. Nikinyamaza, nafasi inakwenda. Nikanyamaza. Wakajitokeza na wengine waliokuwa nyuma ya huyu baba.

Nilipolifikia dirisha, mtandao ulikuwa chini. Dada wa dirishani alinishukuru kwa uvumilivu wangu. Sikuwa nimempa.

Alhamisi. Niliacha chakula cha mchana, nikaingia kanisa lililo karibu na ofisi. Sala ilikuwa kavu. Evagrius wa Ponto, mmonaki wa jangwa la Misri katika karne ya 4, aliandika kuhusu pepo wa adhuhuri. Pepo huyo humfanya mmonaki aone jua haliendi, achungulie kama saa tisa ya kula imekaribia, kisha atazame huku na huku kama kuna ndugu anayekuja. Nilitazama. Alikuja mama wa usafi. Aliniomba ninyanyue miguu, halafu akaniomba nihame benchi.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola anaelekeza kwamba sala ikiwa kavu usiikatishe, bali uongeze kidogo juu ya muda uliopanga. Niliongeza. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa, kwa hiyo niliongeza kupita alivyokusudia mtakatifu. Bosi wangu hajamsoma Inyasi.

Ijumaa. Usiku, kuchunguza dhamiri. Huyo huyo Inyasi ameweka hatua tano katika Mazoezi yake ya Kiroho, kitabu alichokiidhinisha Papa Paulo III mwaka 1548. Hatua ya kwanza ni kushukuru. Nilishukuru, kwa jumla. Hatua ya pili ni kuomba mwanga ili uzione dhambi zako. Uniti za umeme ziliishia hapo.

Kijana wangu, aliyekuwa na zamu ya kununua, alisema alidhani ni zamu ya dada yake. Dada yake alikuwa amelala. Hatua ya tatu, kuipitia siku saa kwa saa, niliifanya gizani pamoja na mbu. Waliipitia kwa undani kuliko mimi.

Jumamosi. Jumuiya, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwa mwenyekiti. Nilikuwa nimeomba tujaribu ngazi ya Guigo II, mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse kule Ufaransa katika karne ya 12. Ngazi ina vipawa vinne: kusoma, kutafakari, kusali na taamuli. Ombi lilipita kwa kauli moja. Tukasoma Injili. Tukaanza kutafakari.

Mhasibu akaomba dakika mbili kabla watu hawajatawanyika. Kulikuwa na mchango wa harusi, mchango wa rambirambi, na masalia ya mchango wa viti. Majina yalisomwa kwa sauti, pamoja na madeni. Langu lilisomwa mara mbili, ili lisikike hadi uani. Taamuli imesogezwa wiki ijayo.

Jumapili. Mafungo ya siku nzima, nje ya mji, katika kimya kitakatifu. Mchana tulikula pilau bila kusemezana. Aliyeshika upawa aliniwekea wali na kiazi. Nilimtazama. Alinitazama kwa upendo wa kikristo, akamgeukia anayefuata na kumwekea nyama. Kanuni za kimya hazina kipengele cha rufaa.

Jioni kimya kilifunguliwa ili tushirikishane matunda. Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu wiki yangu, yenye vifungu. Mzee aliyenitangulia alianza na utoto wake. Alipofika kwenye ubatizo wa wajukuu, dereva alikuwa ameshawasha basi na anapiga honi. Padri akanigeukia, akaniomba nifupishe. Nikasema, "Amina."

Padri aliusifu ushuhuda wangu, akawataka wengine waige. Wengine walikuwa wameshapanda basi.