Dumu la Ujiji

Nyumbani kwetu Dodoma, safari huandikwa na Baba Watoto lakini mwenye safari ni Mama Mkwe. Kwa ziara ya Desemba, Baba Watoto alichapa karatasi mbili, akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuzining'iniza karibu na usukani: Tabora saa kumi jioni, Kwihara kesho yake asubuhi, kisha Ujiji, bandari ya Kigoma na Gombe. Mbele ya kila kituo aliandika kitakachotazamwa. Kitakacholiwa hakukiandika popote, na hapo ndipo mama yake alipomshika.

Mama Mkwe ni mzaliwa wa Ujiji, na nchi hii anaijua kwa vyakula vilivyokuwa vikiuzwa madirishani mwa treni. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na kwake yeye barabara ni kitu cha juzi tu. Alitaka twende kwa treni. Aliposhindwa hoja hiyo, kwa kuwa mwanawe alikuwa ameshanunua matairi mapya na mwenye matairi mapya haambiliki, aliamua kuigeuza Noah yetu kuwa treni.

"Stesheni!" akatangaza Manyoni, tukasimama, tukala kuku wa kienyeji. "Stesheni!" Itigi, mayai ya kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Kila msitu wa miombo ulipokatika pakaonekana beseni kichwani mwa mtu, watoto nyuma wakapokezana: stesheni! Tabora tuliingia usiku. Saa kumi jioni ya karatasi ilibaki ikining'inia pale usukanini.

Kwihara tuliitazama mbiombio. Ni tembe zuri, lenye mlango wa nakshi, walimokaa Livingstone na Stanley kabla ya kuagana Machi 1872, na Baba Watoto alisoma kila maelezo kwa sauti. Waliomsikiliza ni kifungua mimba wetu na mbuzi wawili. Mama Mkwe alikuwa kivulini akionja asali aliyoinunua sokoni, maana asali ya Tabora, alisema, haihitaji maelezo.

Sasa niseme habari za maagizo. Mtanzania akiaga kwamba anakwenda Kigoma, hatakiwi safari njema peke yake. Jirani wa kushoto alitaka dagaa. Shemeji alitaka migebuka mikavu. Wanawake wenzangu wa kikoba walinikabidhi fedha za vitenge vya Kongo, kila mmoja na rangi yake na maelezo yake, na mweka hazina akayaandika yote kwenye daftari kana kwamba natoka na mkopo. Mama Mkwe mwenyewe alitaka kitu kimoja tu: dumu la lita 20 la mawese, kutoka kwa mtu anayemjua, Ujiji, si kwingine.

Kutoka Tabora tulipita Urambo na Kaliua. Nguruka tulisimama kwa samaki wa Malagarasi, tukavuka mto kwenye daraja la Kikwete, kisha Uvinza, ambako watu walipika chumvi ya chemchemi karne nyingi kabla ya Mjerumani kuja na masufuria makubwa. Tulipoliona ziwa kutoka mlimani, hata karatasi ilinyamaziwa.

Jioni ile tulikula migebuka. Samaki hukaangwa kwanza, kisha huachwa aive polepole kwenye mawese yenye nyanya na kitunguu, aletwe na ugali wa muhogo unaovutika mpaka mtoto adhani anachezewa. Kitinda mimba, ambaye nyumbani hula wali na tomato tu, alimaliza mkia na kuulizia kichwa. Mama Mkwe hakusema neno kuanzia tonge la kwanza hadi alipolamba kiganja.

Dagaa ndio waliotutia adabu. Baba Watoto alikuwa ameipanga ziara Desemba makusudi. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo likizo ya Juni aliiogopa. Kalenda ya serikali aliizingatia, mbalamwezi hakuiwaza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri, na mwezi ukiwa mpevu nuru inatapakaa ziwa zima, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Sisi tulifika mwezi ukiwa kama sinia. Kibirizi tulikuta mitumbwi imelala kifudifudi, na wachache waliokuwa na dagaa wakavu walizitaja bei huku wakitazama pembeni.

"Ungeniuliza," Mama Mkwe alimwambia mwanawe.

"Mama, nani anapanga likizo kwa mwezi?"

"Mtu anayetaka dagaa, baba."

Siku ya makumbusho ya Ujiji Baba Watoto alivaa shati la kola. Mwongozaji alitusimamisha chini ya miembe, ambayo inasemekana ni uzao wa ule mwembe wa zamani uliokufa, akaanza na tarehe iliyozoeleka ya Stanley kumkuta Livingstone, 10 Novemba 1871, na jinsi Susi, mtumishi wa Livingstone, alivyomkimbilia Stanley wa kwanza. Masanamu mawili ya wazee wa Kizungu wakivuliana kofia yalipigwa picha za kutosha harusi nzima. Mama Mkwe alisubiri, kisha akauliza:

"Mjukuu wangu, huyu mgonjwa alikuwa anakula nini?"

Kijana alifurahi. Akaeleza kwamba Livingstone alirudi kutoka Manyema akiwa hoi, akakuta mtu aliyekabidhiwa bidhaa zake ameziuza zote.

"Kauza maagizo!" Mama Mkwe akashika kidevu. "Ya mgonjwa!"

Kwake, habari kubwa ya mwaka 1871 ilikuwa hiyo. Nami nikaongeza nililowahi kusoma, kwamba Stanley aliviandika na vyakula vya siku ile: Said bin Majid alituma kababu za moto, au kitu mfano wake, Mohammed bin Sali kuku wa bizari, Mwinyi Kheri mbuzi wa mchuzi na wali, na mgonjwa akala kama mtu mwenye njaa zake. Mama Mkwe alimgeukia mwongozaji. Hao majirani watatu, akasema, ndio waliostahili masanamu. Naona ana hoja. Sijui mnara wowote duniani uliosimamishwa kwa ajili ya aliyeleta sinia.

Gombe haikufika hata kwenye mashua. Mvua ilikuwa imelichafua ziwa, na Mama Mkwe alipoambiwa kwamba Jane Goodall aliwafuata wale sokwe tangu 1960, alituliza watoto: kama hawajahama miaka yote hiyo, watatusubiri mwaka mmoja zaidi. Badala yake tulikwenda kuitazama Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kuunganishwa upya papa hapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiiache kwa maadui, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiopoa miaka minane baadaye, injini zilikuwa bado nzima. Baba Watoto aliipenda sana habari ya makasha. Alirudi nayo hotelini na kuanza kupakia.

Kama watu walipitisha meli nzima, alisema, Noah itashindwa na nini? Vitenge vya kikoba chini kabisa, vilale. Migebuka mikavu juu yake. Dagaa kidogo tuliowamudu, miguuni mwa mtoto wa kati. Dumu la mawese, likiwa na ufa kwenye kifuniko ambao muuzaji aliuziba kwa kipande cha nailoni, likawekwa kileleni. Ilikuwa alfajiri, mvua imekesha, na mawese yakipoa huganda. Baba Watoto alilipindua dumu mbele yetu sote: halikutoa hata tone.

Kufikia saa saba mchana tulikuwa tumeshaipita Uvinza na jua limerudi kwa hasira.

Kizuizini kijana mwenye bunduki alizunguka gari, akasimama nyuma, akainama. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika. Chini ya mlango wa nyuma kulikuwa na mchirizi mwekundu, mzito, unaodondoka lamini. Kote huku kuna mapori ya akiba, na nyamapori si jambo la mzaha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, hii damu ya nini?"

"Ya mchikichi," alijibu Mama Mkwe, akichambua chungwa.

Hakucheka. Tulishushwa wote. Baba Watoto aliinua mikono ijapokuwa hakuna aliyemwambia. Mlango ulipofunguliwa, harufu ilitoka kabla ya macho kuona: mawese, migebuka na dagaa, vyote vimepashwa moto na jua la Desemba. Kijana alichovya kidole, akanusa, akalamba, akawaita wenzake. Mmoja wao alikimbilia kibandani akaleta kipande cha sabuni ya mche, akakisugua kwenye ufa mpaka ukaziba, kama wanavyoziba tangi la pikipiki. Mwingine aliuliza lita inauzwaje.

"Haiuzwi," alisema Mama Mkwe. "Wenye kuuza mizigo ya watu nimewasikia Ujiji."

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti lamini, nikifunua vitenge kimoja kimoja. Cha mweka hazina ndicho kilichokuwa chini ya dumu kabisa.

Mama Mkwe alichukua uongozi Dodoma. Sabuni, maji ya moto, kufua mara mbili, kisha kuanika kwenye jua kali, maana rangi ya mawese, aliniambia, haiogopi sabuni, inaogopa jua. Alisema kweli, siku baada ya siku ile rangi ya chungwa ilififia. Kwenye kitenge cha mweka hazina kilibaki kivuli cha manjano mgongoni mwa ndege aliyechorwa. Mwenyewe alikigeuza pande zote mbele ya wenzake, akasema cha kwake kimechapwa vizuri kuliko vya wengine. Niliangalia daftari.

Gari ndilo halikupona. Baba Watoto aliliosha, akanyunyiza magadi, akafunga manukato ya waridi kwenye kioo. Tukawa tunasafiri ndani ya waridi la kukaanga. Nilimkumbusha kwamba injini ya Liemba iliokolewa na mafuta, akanitazama vibaya. Mwezi wa Februari alimwita dalali. Mzee yule alikagua matairi, akayasifu, akafungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa na kukaa humo kitambo.

"Bosi," alisema alipotoka, "na dagaa wamo kwenye bei?"