Mashauri ya Bustani ya Uani

Mingoyo imejaliwa kukaa penye makutano ya njia tatu, moja iendayo Lindi, ya pili Mtwara na ya tatu Masasi, na kwa sababu hiyo mwenyeji wake hapungukiwi kamwe na nasaha. Maana kila msafiri ateremkaye pale Mnazi Mmoja kunyoosha miguu na kununua korosho huona ni wajibu wake, kabla gari halijaondoka, kumfundisha mkaazi kilimo cha huko atokako. Nasaha hizo huzidi mwishoni mwa Mei, mvua zilizoanza Desemba zikiwa zimekwisha, kusi imeshika, na udongo wa bonde la Lukuledi ungali na unyevu wa kulea mboga wakati wa kipupwe. Wazungu wana majira yao ya kuchipua. Majira yetu ya kusia mboga ndiyo hayo, kwani nyanya iliyopandwa katikati ya masika aghalabu huoza majani kabla haijaona ua.

Basi tulikutana uani, watu wa nyumba moja, kukata shauri nini kipandwe katika matuta yaliyokwisha kulimwa na kutiwa samadi ya mbuzi. Mke wangu alitaka mchicha, kwa hoja isiyopingika kwamba huliwa baada ya wiki tatu au nne, ilhali njaa haingoji zaidi ya hapo. Mama mkwe, aliyetujia kwa siku mbili tangu mfungo wa mwaka uliopita, alitaka bamia na biringanya. Mjomba, ambaye alikuwa karani wa bandari hata akastaafu, hakuridhia kitu chochote kilicho chini ya hadhi ya kabichi.

Mbegu zetu za kienyeji zilikuwa darini juu ya meko, zimefungwa katika vitambaa vilivyokolea moshi ili mdudu asizithubutu: chenye fundo moja bamia, chenye mafundo mawili biringanya, na kile kikubwa mbegu za maboga. Kiliposhushwa hicho kikubwa kilionekana chepesi kuliko desturi, na kilipofunguliwa mlikuwa na maganda matupu na chembe za chumvi. Hakuna aliyesema neno, ila mjomba aliomba maji ya kunywa.

Ikaletwa hidaya ya mpwa wangu aliyeko Uingereza, pakiti za letisi na njegere zenye picha za kupendeza. Mjomba alivaa miwani, akasoma kwa sauti ya kiofisi kwamba mbegu zisitiwe ardhini kabla sakitu ya mwisho haijapita.

"Sakitu ndiyo nini, Bwana?" akauliza mama mkwe.

"Ni umande uliogeuka barafu, Bibi."

"Na hapa Mingoyo huja lini?"

"Haiji."

"Basi tutajuaje kama ya mwisho imepita?"

Mjomba alifikiri kwa kitambo, kisha akatoa hukumu kwamba, maadamu sakitu huanguka Njombe, nasi tu raia wa nchi moja na watu wa Njombe, sharti lile latuhusu, na letisi zingoje. Watoto waliiba pakiti moja wakaipanda kwa siri, lakini letisi, ambayo ikikuta udongo wenye joto jingi hulala isiote, ilimtii mjomba kuliko walivyomtii wao.

Wala mimi sikumlaumu, kwa kuwa ugonjwa wa kulima kwa makaratasi ulikwisha kuwapata watu wakubwa kuliko yeye. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyopungukiwa na mafuta ya kula baada ya vita, ilituchagulia karanga, ikatwaa ardhi Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Ikajenga reli kutoka Mkwaya, kando ya hori ya Lindi, ili ije ibebe mavuno. Ikageuza hata vifaru vya vita kuwa matrekta. Mvua ikaadimika, udongo wa Kongwa ukakauka hata karanga zising'oleke, na mwaka 1951 mradi ukafutwa ukiwa umekwisha kumeza zaidi ya pauni milioni 30, na reli yenyewe ikafungwa mwaka 1962. Hasara yetu sisi ilikuwa pakiti za letisi, na hatukujenga reli.

Yalipofika maua, baraza liligawanyika. Asumini ilipita bila kupingwa, bali mke wangu alipotaja mrehani wa kuwekwa karibu na mlango, mama yake alishika kichwa. "Mwanangu, mrehani ni wa makaburini. Ukiuweka mlangoni, unamwita nani?" Akajibiwa kwamba mrehani huvaliwa na bibi arusi pamoja na asumini, naye akasema arusi hata arusi, wa kuolewa humu hayupo. Suluhu ilipatikana kwa kupima hatua: mrehani ukapandwa katikati ya bamia, mahali ambapo, kwa hesabu ya mama mkwe, Israili akipita atadhani ni mboga.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, hata hapana budi zichanganywe na mchanga ili zisirundikane. Mke wangu alizinyunyiza kwa ncha za vidole vitatu, akafunika nyasi kavu, akamwagilia. Alfajiri ya pili kuku wa jirani walilipekua tuta lile kama makarani wa forodha wapekuavyo sanduku la mgeni. Jirani alipoitwa kushuhudia alisema kwa upole, "Kuku wangu hawali mchicha, shemeji. Wanawatolea wadudu tu, wanawasaidia kazi." Biringanya zilipona kuku, zikazaa, zikaiva, ndipo mtani wangu alipoingia na kikapu, akazichuma zote, akaomba na mafuta ya kuzikaangia; na mahakama ya kumshtaki mtani bado haijajengwa. Bamia peke yake ilisalimika, kwa insafu ya Mola aliyeipa vinyweleo vya kuwasha.

Hata hivyo hatukulala na ugali mkavu. Chini ya dirisha la mjomba, pasipolimwa wala kumwagiliwa, pakaota mmea wa maboga wenye afya ya ajabu, ukatambaa hadi penye asumini, nasi tukawa tunachuma majani yake na kuyapika kwa tui la nazi. Mjomba alieleza kwa kirefu habari za ndege wabebao mbegu midomoni. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, akampakulia majani mengi kuliko sote, akasema, "Kula, Bwana, ni haki yako, katika nyumba hii nzima mbegu zilizoota vizuri ni zile ulizozitema wewe."

Mjomba aliitikia kwa taadhima kwamba mkulima stadi hatangazi kazi yake.