Barua ya Wazi kwa Wenye Herufi Tatu

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Chemba ya Kimataifa ya Biashara,
Paris, Ufaransa.

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KWAMBA KABONGA IPO

Waheshimiwa,

Sisi huku Kabonga, upande wa Nyanza-Lac, pale Burundi inapoishia na Tanzania inapoanzia kando ya Ziwa Tanganyika, hatujambo. Ziwa lipo, michikichi ipo, na ndagala wanapatikana usiku usipokuwa na mwezi. Petroli ndiyo inayokosekana, lakini hilo si la ofisi yenu.

Naandika kwanza kuwapongeza. Tangu mwaka 1936 mmekuwa mkitunga na kutunga upya kanuni zenu za herufi tatu tatu, zile ziitwazo Incoterms, mpaka tukafika toleo la 2020 lenye kanuni 11. Jina lenyewe mmelisajili kama alama ya biashara, kwa hiyo hata mimi nalitaja huku nikiangalia nyuma kama hakuna wakili. Katika toleo hilo mliifuta DAT mkaweka DPU, na dunia ikaendelea. Tunawaelewa. Hata sisi mwaka 2025 mikoa yetu 18 iligeuzwa kuwa mitano, na aliyekuwa ameandika kwenye ankara kwamba mzigo ufikishwe mkoa wa Makamba akajikuta anasubiri mzigo katika mkoa ambao haupo.

Wenzangu sokoni huniuliza kwa nini watu wazima wenye suti wakae Paris kubishania FOB, CIF na DAP. Nimewatetea. Nimewaambia kwamba herufi hizo zinajibu maswali yanayovunja undugu kuliko mirathi: nauli inalipwa na nani mpaka wapi, nani anahangaika na makaratasi ya forodha, na mzigo ukizama au ukiungua njiani, hasara inaingia mfuko wa nani. Wakauliza kama zinasema pia mali inakuwa ya mnunuzi saa ngapi, malipo yafanywe lini, na dola zitoke wapi. Ilibidi niseme ukweli kwamba hayo hamkuyagusa, yameachiwa mkataba wenyewe. Dola zimeachiwa Mungu.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Waheshimiwa, nani aliwaambia kwamba safari ya mzigo inaishia baharini?

Tuseme mfanyabiashara wa hapa anataka mashine ya kukamua mawese. Si ndoto, ukanda huu wote kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac unaishi kwa mchikichi. Anampata muuzaji Guangzhou kwa njia ya simu, wanaelewana, na ankara inakuja imeandikwa CIF Dar es Salaam. Anafurahi. Ndani ya bei kuna nauli, kuna na bima. Anaelewa, kama angeelewa mtu yeyote mwenye akili timamu, kwamba muuzaji ndiye mwenye dhima mpaka Dar.

Hapo ndipo mlipoficha nyoka. Muuzaji analipa nauli mpaka Dar, kweli, lakini dhima inamtoka mara tu mashine inapokuwa imepakiwa melini huko China. Meli ikipata ajali katikati ya Bahari ya Hindi, hasara ni ya mtu wa Kabonga ambaye mashine hiyo hajawahi kuiona ila kwenye picha. Muuzaji ameshamaliza kazi, anakunywa chai. Nauli inaishia bandari moja, dhima iliishia bandari nyingine, na nyinyi mliona hilo ni jambo la kawaida kiasi kwamba mmelirudia toleo baada ya toleo. Huku ziwani aliyelipia boti ndiye anayelia ikizama.

Mtasema: ana bima. Ana bima, ndiyo, na tuitazame. Chini ya CIF muuzaji halazimiki kukata zaidi ya bima ya daraja la mwisho, ile ya kifungu C. Hiyo inalipa meli ikiungua, ikizama, ikigongana. Mashine ikiibwa, hailipi. Maji ya bahari yakiingia kontenani yakaitafuna kwa kutu, hailipi. Na ajabu yenyewe ni hii: mwaka huohuo wa 2020 mliichukua CIP, dada yake CIF, mkaipandisha hadi bima pana ya kifungu A. Kwa hiyo mtu akibadilisha F ikawa P anahama daraja zima la bima. CIF mliiacha pale chini kwa sababu wafanyabiashara wakubwa wa shehena nzimanzima wameizoea hivyo. Mtu wa mashine moja hakualikwa kwenye kikao.

Tena kitabu chenu wenyewe kinaonya kwamba FAS, FOB, CFR na CIF zinafaa mzigo unaokabidhiwa ubavuni mwa meli au ndani yake. Kontena halikabidhiwi hivyo. Linaachwa kwenye yadi ya msafirishaji, huenda siku nyingi kabla meli haijatia nanga, na kwa hilo mmeweka FCA, CPT na CIP. Ushauri mzuri sana. Umo ndani ya kitabu kinachouzwa, na muuzaji wa Guangzhou anaendelea kuandika CIF juu ya kila kontena kama baba yake alivyofanya.

Haya, mashine imefika Dar salama. Bima yenu imekufa, nauli yenu imekwisha, kanuni yenu imevua viatu imelala. Mbele ya mzigo kuna zaidi ya kilomita 1,200 za reli mpaka Kigoma, kisha ziwa, au lori la kupanda hadi Manyovu, kuvuka Mugina na kuteremka kupitia Mabanda. Kuna gharama za bandari. Kuna wakala wa Dar na deklaran wa forodha wa Bujumbura, na kila mmoja anamlaumu mwenzake. Kuna dhamana ya kontena, fedha ambazo kampuni ya meli inazishikilia mpaka boksi tupu lirudi pwani. Kuna tozo ya kila siku mzigo unapolala bandarini, na mizigo yetu ina usingizi mzito. Hakuna hata faranga moja ya hayo iliyokuwa ndani ya ile bei iliyomfurahisha mtu wetu.

Watu wa duane, yaani forodha, nao wana hesabu yao. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze mwaka 2014, mzigo wa kwetu unatangazwa na kulipiwa huku ukiwa bado bandarini Dar. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na, tangu 2022, 35. Lakini asilimia ya nini? Ya bei pamoja na bima na nauli. Aliyenunua FOB akidhani amepunguza thamani ya mzigo wake ataongezewa nauli na bima mezani pa forodha. Mashine kwa kawaida huangukia ile sifuri. Vitenge na masufuria alivyochomeka kontenani ili kuziba nafasi haviangukii.

Labda mtasema ziwa letu ni dogo mno kwa kanuni zenu. Someni tena mlichoandika. FOB na wenzake ni kanuni za bahari na za njia za maji za bara. Ziwa Tanganyika ni nini kama si hilo? Kwa sheria yenu wenyewe, FOB Kabonga ni maneno halali kabisa, ingawa bandari inayotajwa ni mchanga, mawe kadhaa na vijana wenye mabega. Ukimuuzia mtu wa Kigoma bidoni za mawese hapa, makubaliano ni mafupi: mchangani zangu, botini zako. Ndiyo FOB, bila ada ya kitabu. Sitawapamba wenzangu, hata hivyo. Mali bila daftari huisha bila habari, na boti ikipinduka kila mmoja anakumbuka makubaliano yake.

Na ile hadithi ya ukingo wa meli! Tangu 1936 mpaka toleo la 2010, miaka 74, dhima ya FOB ilihama mzigo ulipovuka ukingo wa meli, kana kwamba kuna uzi umefungwa hewani. Gunia likining'inia kwenye winchi nusu huku nusu kule, wanasheria walipata ada. Mngetuuliza mapema. Katika safari zake ziwani, meli ya MV Liemba haikuwa na gati katika vituo vyake vingi. Ilisimama majini, na boti ndogo zikaja ubavuni. Mzigo uliokuwa botini ubavuni pa meli ulikuwa FAS, na ukishapokelewa ndani na kulazwa sitahani ukawa FOB. Kagunga, ng'ambo tu ya mpaka wetu, ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2015 ndivyo walivyopandishwa maelfu ya wakimbizi wetu, boti ndogo kwanza, Liemba baadaye, na hapo hakuna aliyeuliza dhima inahamia wapi.

Liemba yenyewe, waheshimiwa, ndiyo hoja yangu kubwa. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapita Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, na mafundi wa kiwanda wakaja pamoja nayo kuiunga upya. Ikashushwa ziwani mwaka 1915. Haikuachwa Dar. Hakuna aliyemwambia Kaisari, "Mheshimiwa, bei yetu ilikuwa mpaka bandarini, tafuta wakala." Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, na hapo hasara ilikuwa ya mnunuzi kwa haki kabisa, maana alishakabidhiwa. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya.

Wabelgiji, waliotutawala, nao hawakuwa wajinga. Walijua kwamba nchi isiyo na bahari ikiachiwa mzigo pwani imeachiwa deni. Kwa mkataba wa 1921 wakajipatia kwa Waingereza sehemu yao ndani ya bandari ya Dar es Salaam na nyingine Kigoma, pakaitwa Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Wenye nguvu, mnaona, tangu zamani huandika jina la mahali pa mwisho. CIF Dar es Salaam inaandikiwa wanyonge.

Kwa heshima, basi, naomba yafuatayo. Mtakapokaa kutunga toleo lijalo, mleteni mezani mtu mmoja kutoka nchi isiyo na pwani, asiwe waziri, awe mtu aliyewahi kulipia kontena tupu lirudi. Ipandisheni bima ya CIF ifike pale mlipoifikisha CIP, au mwandike kwa herufi nene kwamba ni bima ya jina tu. Na mtoe muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, bure, tuubandike ukutani sokoni. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubali mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, kwa hiyo hamtakuwa mmevunja itifaki ya mtu yeyote.

Mkishindwa, tumeni angalau mjumbe. Aje DDP Kabonga, yaani kwa gharama zake zote, ushuru ukiwa umelipwa, dhima juu yake mpaka akanyage mchanga wetu. Tutampokea kwa samaki mukeke wa kuchoma.

Wenu katika biashara,

Mkazi wa Kabonga

Nakala: Kwa kila anayenunua ng'ambo, kutoka Rumonge mpaka hapa. Usikubali CIF Dar es Salaam kabla hujauliza bei ya DAP (muuzaji aufikishe mzigo kwa dhima yake) au CIP mpaka Bujumbura au Kigoma, uilinganishe na jumla ya gharama zote za njiani. Herufi tatu ziandikwe pamoja na jina la mahali na mwaka wa toleo, "Incoterms 2020". Omba kuiona hati ya bima, usome ni kifungu gani. Kama unauza vitu vya hapahapa kwa jirani na thamani haizidi dola 2,000, uliza mpakani cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Na makubaliano ya mchangani yaandikeni, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari la shule, kabla boti haijasukumwa majini.