Baiskeli na Hesabu ya 158

Baiskeli ya Tunguu haijawahi kukataa mzigo. Barabarani, karibu na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), utaikuta imebeba furushi la majani ya ng'ombe pana kuliko gari dogo, limefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu, na hakuna aliyetoa futikamba. Siku baiskeli yenyewe inapotakiwa iwe mzigo, ifike uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, ndipo vipimo vinapoanza, tena vya ajabu: mashirika mengi ya ndege hujumlisha urefu, upana na kina cha begi, na jumla isizidi sentimita 158. Nashikilia kwamba baiskeli ya safari haiingii katika hesabu hiyo hata uipigie magoti, kwa hiyo kuifungua hadi nati ya mwisho ni jasho la bure.

Tuihesabu. Gurudumu la inchi 28, likiwa na tairi, lina kipenyo cha sentimita 71 hivi. Fremu tupu, kuanzia kichwani hadi panapokaa ekseli ya nyuma, inakaribia mita moja. Toa mia kwenye 158: zimebaki 58 za kugawana upana na kina, na gurudumu limeshasema linataka 71. Hapo usukani, karia na madigadi bado vinasubiri zamu. Utaambiwa ndege ina milango yake na mikanda ya mizigo ina kona zake, lazima mpaka uwepo. Kweli, lakini kujumlisha hakupimi nafasi, kunaadhibu urefu. Begi la sentimita 52 kila upande linapita likiwa na ujazo wa lita 140. Fimbo ya kuvulia ya mita mbili, isiyojaza hata lita kumi, inazuiwa.

Mjuzi atasema zipo fremu zenye viungio vya kufungulia katikati, na sanduku lake la 66 kwa 66 kwa 25 linafika 157. Sawa, imebaki sentimita moja ya kuwekea pasipoti. Ila hiyo ni baiskeli iliyonunuliwa kwa ajili ya ndege, si kwa ajili ya njia ya Makunduchi. Kwa wengine wote dawa imo kwenye kanuni zenyewe: mashirika mengi yana kipengele cha vifaa vya michezo, chenye vipimo vyake na mara nyingi ada yake. Kisome kabla hujagusa spana. Ada inauma, sikatai, lakini baiskeli aliyoitawanya fundi wa Tunguu itaungwa na nani usiku wa manane ukishatua Muscat? Kwa kawaida inatosha kutoa gurudumu la mbele, usukani, siti na pedali, kisha boksi. Na hapo kazi bado ipo, maana pedali ya kushoto hesi zake zimegeuzwa: anayeivuta spana kinyume cha saa kwa nguvu zote, huku akiilaani kutu, anazidi kuikaza.