Jinsi ya Kuuza Chai Mtandaoni Bila Kuwa na Chai

Kila mwaka inapokaribia Oktoba, bonasi ya chai ikishatangazwa na watu wa Kericho na Bomet wakasikia jinsi ya wenzao wa Murang'a na Kirinyaga ilivyo kubwa, hoja moja hufufuka katika mikahawa ya Litein na Silibwet: tuwaruke madalali, tuuze wenyewe kwa simu, chai itoke shambani iende moja kwa moja kwa mnywaji. Hoja yenyewe ni nzuri. Watengenezaji wadogo wa mvinyo huko Marekani wameishi hivyo miaka mingi: wana orodha ya wateja, wana klabu, na chupa zinapelekwa mlangoni. Vyombo vya kazi hiyo siku hizi ni vya bei nafuu, na vingine ni vya bure kabisa. Kilichokosekana ni mwongozo tu. Huu hapa, kwa ajili ya mkulima mwenye simu, nusu ekari na hasira.

Hatua ya kwanza: Hakikisha una chai

Wengi huiruka hatua hii, na si ajabu. Mtu aliyezungukwa na kijani kibichi kutoka Kapsoit hadi Mogogosiek utamwambiaje kwamba hana chai? Lakini hana. Ana majani. Anachuma majani mawili na kichipukizi, anayafikisha kituoni, karani anapima, risiti inatoka, lori linaondoka. Kuanzia hapo mali ni ya kampuni ya kiwanda, ambayo mkulima ana hisa zake, na baadaye itaingia mikononi mwa dalali wa Mombasa, ambako mnadani kilo hutajwa kwa dola. Jioni mkulima huyohuyo anapitia dukani kununua pakiti ya chai ya kupikia wageni.

Kwa hiyo ukifungua duka la mtandaoni leo, utakuwa Mkenya wa kwanza kuuza kitu asichokuwa nacho. Samahani, wa pili, baada ya wale wa ploti.

Ukitaka chai ya kweli, kuna njia ya kuitengeneza kwa mkono. Yanyaushe majani kwa muda wa saa kumi na mbili au zaidi, yasokote, yaache yageuke rangi, kisha yakaushe mpaka unyevu ubaki kama asilimia 3. Kilo moja ya chai hula kilo nne hadi tano za majani mabichi, na hula usiku wako pia. Halafu kuna Bodi ya Chai, leseni ya biashara ya kaunti, alama ya ubora ya KEBS, na swali dogo la majani uliyokwisha kuahidi kiwanda. Miongozo mingine huyataja haya mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo. Huu umeyaweka juu, ili anayetaka kukata tamaa akate mapema na kuokoa bando.

Hatua ya pili: Tafuta jina

Jina la Kericho lina thamani, na ushahidi ni kwamba wengine wameshalitumia. Kericho Gold, unayoiona kwenye rafu za supamaketi, ni ya kampuni ya Gold Crown Beverages iliyoko Mombasa. Hakuna kosa lolote hapo; chai hufuata bandari. Wewe uliyezaliwa Kericho, ukachomwa na jua la Kericho na kupigwa na mvua yake ya mawe, unatakiwa sasa kubuni jina ambalo halifanani na la mtu mwingine.

Desturi ni kuchagua neno la Kiingereza lenye ukungu ndani yake, kuongeza neno linalomaanisha mlima, kuchora tembo, kisha kuagiza lebo mia tano kabla ya kuuliza KIPI kama jina limesajiliwa. Kuhusu tembo, angalia vizuri. Williamson, wenye mashamba ya chai huku kwetu likiwemo Changoi, wameshauza Uingereza chai iliyotiwa kwenye mikebe yenye sura ya tembo. Huenda ukahitaji mnyama mwingine. Punda bado yuko huru.

Hatua ya tatu: Nunua vyombo vya gharama usivyovihitaji

Mfanyabiashara makini hujulikana kwa malipo ya kila mwezi. Duka la kawaida la Shopify, ukilipia mwezi mmojammoja, ni dola 39, yaani kama shilingi 5,000. Ukiuza pakiti ya gramu 100 kwa shilingi 300, pakiti kumi na saba za kwanza za kila mwezi ni zawadi yako kwa Shopify. Kuanzia ya kumi na nane unaanza kujitafutia.

Kuna watu wasio makini ambao hutumia WhatsApp Business. Programu hiyo ilizinduliwa mwaka 2018 na ni ya bure. Tangu 2019 ina katalogi: unaweka picha, bei na maelezo, na mteja anachagua bila kukupigia simu. Ina lebo za kutenganisha aliyelipa na aliyeahidi, na ina majibu ya haraka kwa yale maswali matatu yanayoulizwa na kila mtu. Kwa anayeanza na wateja thelathini, inamtosha kabisa. Ndiyo maana hakuna anayeipendekeza kwenye semina ya kulipia kiingilio.

Hatua ya nne: Ficha bei

Weka picha ya chai, kisha andika: "Bei njoo inboksi." Mteja akija, msalimie. Muulize yuko wapi. Muulize anataka ngapi. Mtumie ujumbe wa sauti wa dakika tatu ukieleza historia ya shamba tangu enzi za babu. Ukifika mwisho utakuta ameshanunua Ketepa dukani, pakiti iliyobandikwa bei, nayo imefungwa hapohapo Kericho.

Katika picha zenyewe, shamba litawale: ukungu wa asubuhi, vilima, na mchumaji anayetabasamu. Mchumaji huyo awe shangazi yako, kwa sababu wachumaji halisi hulipwa kwa kilo na hawana muda wa kutabasamu. Usithubutu kupiga picha ya kikombe, wala ya pakiti inayoonyesha uzito na tarehe. Mnywaji wa Kileleshwa anataka mandhari tu, na hana haja ya kujua analipia gramu ngapi.

Hatua ya tano: Tibu magonjwa yote

Ukiwa na chai ya zambarau, una hadithi tamu ya kweli. Mmea wake, TRFK 306, uliwafikia wakulima mwaka 2011 baada ya miaka mingi ya kazi ya watafiti wa chai wa Kericho. Majani yake yana anthosiani, rangi ileile iliyomo kwenye zabibu nyeusi, na ukikamulia ndimu kikombeni, chai hugeuka waridi mbele ya macho ya mgeni. Wakulima waliipanda kwa ahadi ya bei ya juu, kisha wengi wao wakakosa kiwanda cha kuipokea. Hapo ndipo kuuza moja kwa moja kunapokuwa na maana hasa: bidhaa ni ya pekee, soko la jumla haliijui, na mnywaji akiielewa yuko tayari kuilipia.

Lakini usiseme hayo. Andika kwamba inaondoa kisukari, presha, kitambi na mikosi. Tangazo litasambaa haraka sana, na litafika mpaka kwa wakaguzi.

Hatua ya sita: Lipwa

Hapa Kenya mtu hana udhuru. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na leo hata muuza njugu ana namba ya till. Mteja wa Nairobi akilipa kwenye till anaona jina la biashara kabla ya kubonyeza, na jina hilo humtuliza kuliko viapo vyako. Asiyetaka mambo makubwa anaweza kuchukua Pochi la Biashara, ambalo hutenga pesa za chai na pesa za karo, na mteja hawezi kuyarudisha malipo kwa ujanja akishapokea mzigo.

Hata hivyo, mila inataka mazungumzo yaende hivi:

"Tuma kwanza, nikipata nitakulipa."

"Lipa kwanza, nikiona nitatuma."

"Unaniona kama mwizi?"

"La, mama. Nimeona kama umeniona mimi."

Yanaweza kuendelea hadi bonasi ijayo. Dawa yake ni kuanza na watu wanaofahamiana na wewe, au wanaofahamiana na mtu mliyesoma naye, na kuwaacha wao ndio wakudhamini kwa wengine. Na ujumbe wa M-Pesa ukitumwa na mteja mwenyewe kwa namba yake ya kawaida, usipakie mzigo kwenye matatu. Angalia salio kwanza.

Hatua ya saba: Safirisha

Kutoka Kericho hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 250, na ofisi za matatu hufikisha kifurushi siku hiyohiyo kwa ada ndogo. Chai ina tabia moja ambayo mbeba mzigo hatakuambia: hunyonya harufu. Ikisafiri karibu na omena waliotoka Kisumu, mteja wako atapokea chai yenye samaki. Tumia mfuko wenye karatasi ya alumini ndani, ufungwe kwa joto. Unaweza pia kutumia gazeti na selotepu, halafu uite ladha hiyo toleo maalumu la Ziwa Victoria.

Wengine wataanza na binamu aliye Marekani, maana ana dola. Sawa. Chakula kinachoingia huko hutakiwa kuarifiwa mapema kwa mamlaka ya chakula na dawa, na tangu tarehe 29 Agosti 2025 ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 umeondolewa. Ongeza na posta. Utakuta chai ndiyo kitu cha bei ya chini kabisa ndani ya kifurushi, ukiondoa gazeti.

Hatua ya nane: Panga bei kwa kiburi

Mwaka 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo ya chai ya KTDA, wakala wa viwanda vya wakulima wadogo, mnadani. Kwa chai zilizokuwa zikipata zaidi ya hapo haikuwa na shida. Nyingi za magharibi mwa Bonde la Ufa hazikuwa zikipata hiyo, na wanunuzi wakazipita. Chai ikarundikana maghalani Mombasa, ikazeeka, na mwaka 2024 bei hiyo ikaondolewa. Funzo liko wazi kwa kila mtu isipokuwa mwenye duka jipya la mtandaoni, ambaye ataangalia bei ya chai ya Japani, aongeze kidogo kwa ajili ya uzalendo, kisha ashangae kwa nini watu wanabonyeza moyo na kupita.

Hatua ya tisa: Anzisha klabu

Hili wenye mvinyo wanalijua: pesa iko kwa anayerudi. Mwanachama hupokea gramu 200 kila mwezi bila kuombwa, na M-Pesa Ratiba hulipa yenyewe tarehe iliyopangwa. Wanachama hamsini wa namna hiyo ni kilo kumi kwa mwezi, yaani kama kilo hamsini za majani mabichi, kazi inayowezekana kwa mikono ya familia moja.

Waahidi kila kitu. Usiwaambie kwamba mvua ya mawe ya Kericho haina ratiba, na kwamba ikipita shambani unaweza kukaa wiki kadhaa ukitazama vijiti. Mwanachama aliyeambiwa hayo mapema angesubiri, na pengine angekutumia pole. Yule ambaye hakuambiwa atakuita tapeli kwenye kundi lenye watu 400.

Hatua ya kumi: Piga hesabu ya faida

Hesabu inayozunguka kwenye makundi ni hii. Tuseme kiwanda kinakulipa shilingi 45 kwa kilo ya majani, bonasi ikiwemo. Majani ya kilo moja ya chai ni shilingi 225. Chai hiyo ukiiuza mwenyewe kwa shilingi 300 kwa gramu 100, ni shilingi 3,000. Faida ni 2,775. Hesabu huishia hapo, na aliyeituma huongeza picha ya mikono iliyokunjwa.

Usiiharibu kwa kutaja kuni au umeme, mifuko, lebo, vipimo, ada za alama, nauli, pakiti za kuonja zilizonywewa na ukoo mzima, chai iliyoungua ulipokuwa ukijifunza, na usiku uliokesha ukigeuza majani. Na kwa vyovyote vile usijilipe mshahara. Mkulima anayejilipa mshahara hugundua mambo ambayo hakuwa akiyatafuta.

Akiyagundua, ataona kwamba lile pengo kati ya 225 na 3,000 si lote wizi wa madalali, ingawa ana haki ya kuuliza ni kiasi gani. Sehemu kubwa yake ni kazi: kukausha, kupima, kufunga, kubeba, kusubiri, kujibu, kuaminika. Simu haiifuti kazi hiyo. Inaiondoa kwa kiwanda na Mombasa, inaileta jikoni kwako, na ujira wake unakuja nayo. Kwa familia yenye chai ya pekee, wateja wachache wanaorudi na mtu mmoja mwenye subira ya kushika simu, ujira huo unaweza kushinda bonasi. Kwa aliyetaka kuchuma asubuhi na kulala mchana, kituo kile cha zamani bado kiko pale, na karani anafungua mapema.

Kama umefika hapa na bado unataka, weka simu chaji. Kuna mwanamke wa Rongai aliyekuuliza bei saa nne zilizopita.