Sanaa au Sayansi? Anzia Ngare Nanyuki

Hatua ya 1: Usianzie kwa wajomba. Ukitaja uzamili kwenye kikao cha familia hapa Arusha, hukumu hutoka kabla sahani ya loshoro haijapoa: sayansi ina ajira, sanaa ina maneno. Shukuru, kula, kisha panda gari la Usa River, uunganishe hadi Ngare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru.

Hatua ya 2: Omba maji, lakini yatazame kwanza. Ni maangavu, ila miamba ya volkano imeyatia floraidi. Mtoto anayeyanywa wakati meno yanajijenga hubaki na madoa ya kahawia. Ikizidi sana, hata mifupa huharibika. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku vinaupita. Kama swali linalokujia ni "Imo kiasi gani, na tuipunguzeje?", wewe ni wa uzamili wa sayansi. Rudi ushukie Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela, ambako Dk. Askwar Hilonga alibuni kichujio cha maji kilichoshinda Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Utapima, utarudia, na utarudia tena.

Hatua ya 3: Kaa na wazee. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru hapa ili kuwapisha walowezi, nyumba zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Kama unajiuliza "Nani aliamua, kwa haki gani, na waliofukuzwa wanasimuliaje?", wewe ni wa uzamili wa sanaa. Utapekua nyaraka, utasikiliza, utapambanisha masimulizi, kisha utatetea tafsiri yako mbele ya watu wasioafikiana nayo.

Hatua ya 4: Jina la shahada lisikubabaishe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa uzamili wa sanaa katika uchumi. London School of Economics huuita wa sayansi. Soma orodha ya kozi, uliza kuhusu tasnifu na msimamizi, hakikisha programu imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Katika mfumo wa sifa wa Tanzania shahada zote mbili ziko ngazi ya 9, bega kwa bega.

Hatua ya 5: Heshimu upande usiouchagua. Watu wa Ngare Nanyuki waliipigania ardhi ambayo maji yake yanawadhuru. Kipimo hakitakuambia kwa nini mama mmoja anakitumia kichujio na jirani yake amekiweka uvunguni. Wala masimulizi, hata yawe matamu vipi, hayaondoi floraidi kwenye ndoo. Kwa hiyo chagua swali litakalokunyima usingizi kwa miaka miwili bila kukuchosha, kisha mtafute mapema rafiki aliyechagua lile lingine. Kijiji kinawahitaji nyote wawili.